Bibi Aliyesema Itaanguka

Kazi ya kwanza ya Vumilia kila asubuhi ilikuwa kufagia uwanja, na ya pili kuchota maji. Akishaegesha ufagio ukutani alichukua ndoo mbili, moja ya kwao na nyingine ya Bibi Paskazia, jirani yao wa upande wa pili wa ua wa minyaa. Bibi alikuwa mjane. Binti zake walikuwa wameolewa mbali, na magoti yake yalishakataa safari za kisimani. Maji yake yaliletwa na Vumilia na rafiki yake Esta, na hakuna mtu aliyewahi kuwaagiza. Ndoo ya bibi walipokezana njiani. Huyu akichoka, mwenzake anajitwisha, huku wakipiga soga za darasa la sita na kumsema mwalimu wa hesabu mpaka wanafika.

"Mwangaluka, bibi!" walimwamkia Kisukuma, kisha wakaongeza kwa adabu, "Shikamoo."

"Marahaba, wajukuu zangu. Tueni ndoo, mje mle."

Hakukosa kitu cha kuwapa. Mara nyingi ilikuwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani mpaka vikakauka. Aliwapa huku akifuta machozi ya moshi. Macho ya Bibi Paskazia yalikuwa mekundu, na hata wewe ungekuwa nayo mekundu kama ungepika miaka yote hiyo kwa kuni mbichi na mavi ya ng'ombe, katika kijumba kisicho na dirisha. Lakini watu wana midomo. Marehemu mume wake alikuwa kiongozi wa ngoma aliyesifika kwa dawa, na wapo walionong'ona kwamba pembe ya dawa alimwachia mkewe. Vumilia na Esta waliingia nyumba ile kila siku. Pembe hawakuiona, waliiona rozari imetundikwa msumarini.

Nyumbani kwao Vumilia aliishi na mama yake na kaka yake Edson. Baba alikuwa machimboni, huko Bulyanhulu, akirudi anapopata nafasi. Edson alikuwa mpiga picha za harusi na ngoma, mwenye kibanda chake mjini Kagongwa, na mwaka huo alikuwa amenunua droni. Ni ile ndege ndogo isiyo na rubani, ambayo wengine huiita ndege nyuki kwa sababu ya mlio wake. Ilikuwa na mapanga manne membamba kama ya feni, kamera tumboni, na rimoti yenye kioo cha kuonyesha kila kinachoonwa kule juu. Jamani, siku Edson aliyoileta, kitongoji kizima kilihamia uwanjani kwao!

Edson naye hakuwa mtu wa kuficha sifa. Wateja wakija aliirusha moja kwa moja kuelekea ukuta wa ghala la pamba. Watu wakifumba macho wakingoja kishindo, droni ilisimama yenyewe hewani mbele ya ukuta, ikabaki pale inavuma. Mara nyingine aliielekeza kifuani kwake, akatanua mikono. Ikasimama.

"Mnaona?" alisema. "Hii haigongi kitu. Ina macho, na akili inayo. Madereva wa malori ya Isaka wangekuwa hivi, barabara ingekuwa salama!"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Vumilia alipiga makofi kuliko wote. Siku za Jumapili, baada ya misa, Edson alimruhusu kuirusha juu ya shamba lililokwisha kuvunwa, naye amesimama nyuma yake. Mkono wa Vumilia ulikuwa mwepesi, akajifunza haraka.

"Usiogope," Edson alimwambia. "Ikiona kitu itakikwepa yenyewe. Ila nakuonya, penye watu usiiguse. Hapo ni mimi tu."

"Sawa, kaka," alijibu Vumilia, na siku ile alimaanisha.

Mavuno yalipokwisha, ukafika msimu wa ngoma. Kwa Wasukuma ngoma si mchezo wa kupoteza wakati. Makundi mawili ya jadi, Bagika na Bagalu, hucheza siku moja katika uwanja mmoja, kila kundi na duara lake, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wakaliacha duara la mwenzake. Kwa hiyo kila kundi huja na mbinu zake, na kila kundi husemwa limekuja na dawa zake. Mwaka huo Bagika walikuwa na spika kubwa, jenereta, na Edson na droni yake. Waya wa spika ulitoka kwenye jenereta, ukapita juu ya vichwa vya watu, ukafungwa kwenye mlingoti uliosimikwa pembeni mwa uwanja.

Vumilia alikaa karibu na pikipiki ya kaka yake, akilinda begi la vifaa. Esta alikuwa mbele pamoja na watoto wengine, wamekaa chini karibu na ule mlingoti ili waone vizuri. Bibi Paskazia alikuja na kigoda chake, akaketi nyuma yao. Alipenda ngoma tangu ujana.

Droni ilipita chini chini juu ya watoto, vumbi likawaingia machoni. Bibi akainua fimbo yake.

"Edson, mwanangu! Kiondoe hicho kidude juu ya vichwa vya watoto. Kitaanguka hicho!"

"Bibi, hii haianguki wala haigongi," Edson alijibu akicheka. "Ina macho kunishinda mimi na wewe."

"Au bibi ndiye anataka kuiangusha?" mzaha ukatoka upande wa vijana. Watu wakaangua kicheko. Bibi naye alicheka kidogo, akatikisa kichwa, akaendelea kutazama ngoma.

Baadaye wachezaji waliruka wakaikumba kamera nyingine ya Edson iliyosimama chini kwa miguu mitatu. Edson akaiacha droni imetulia hewani juu ya uwanja, akaiweka rimoti juu ya kiti cha pikipiki.

"Usiiguse," alimwambia Vumilia. "Hapo ilipo haina neno. Naweka ile kamera sawa, narudi sasa hivi."

Vumilia hakuigusa. Aliiangalia tu. Lakini mara hiyo hiyo Bagika wakaingia na majembe. Wanaume walirusha majembe juu kwa pamoja, yakazunguka yakimetameta, wakayadaka bila hata mmoja kukosea, na ngoma haikupoteza pigo. Watu wa duara la Bagalu wakaanza kukimbilia huku! Vumilia akachungulia kioo cha rimoti. Picha ilionyesha kona tu ya wachezaji. Loo, jambo kubwa kama lile, na kaka atalikosa!

"Nyuma kidogo tu," alijisemea. "Ina macho."

Akaichukua rimoti, akavuta kijiti kuirudisha droni nyuma. Kwenye kioo duara likaanza kuonekana lote, majembe, vumbi, na umati unaomiminika. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kuziona. Akavuta tena. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, hakuinua kichwa hata mara moja kutazama droni yenyewe iko wapi. Ghafla kioo kikaonyesha mbingu, kisha ardhi, kisha mbingu tena. Akasikia mlio wa kitu kinachokatika, na baada yake akasikia mtoto akilia.

Mikono yake iliirudisha rimoti kwenye kiti cha pikipiki kabla hata hajajua inafanya nini. Alikimbia pamoja na watu wengine. Droni ilikuwa imejinasa nyuma yake kwenye waya wa spika, ikaporomoka kando ya mlingoti. Chini alikuwa amelala Esta, amejiziba uso kwa viganja, na damu ikipita katikati ya vidole vyake.

"Jicho langu!" alilia. "Mama, jicho langu!"

Baba yake Esta, Mwigulu, alimbeba akakimbia naye mpaka kwenye gari la mfanyabiashara mmoja aliyekuwapo, wakaondoka kwenda hospitali Kahama. Ngoma ikanyamaza pande zote mbili. Edson alibaki amesimama na droni iliyovunjika mikononi.

"Niliiacha imesimama," alirudia rudia. "Niliiacha imesimama kabisa! Haiwezi kugonga hii. Ina macho!"

"Basi kama haiwezi kugonga, imegonga vipi?" mtu akauliza.

Vumilia alifungua mdomo, na namwambia msomaji ukweli mtupu, maneno yalikuwapo ulimini. Lakini kabla hayajatoka, mwanamke mmoja akasema taratibu, "Nani alisema itaanguka?"

Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea kigoda cha Bibi Paskazia. Vumilia akaufunga mdomo wake.

Kabla jua halijazama, Edson aliitazama picha iliyobaki kwenye kamera, na majirani wakamzunguka. Wachezaji walionekana wakizidi kuwa wadogo, wakizidi kuwa mbali.

"Inarudi nyuma," Edson alisema kwa mshangao. "Inarudi nyuma na hakuna aliyeishika."

"Imevutwa," akasema mmoja wao, na neno hilo likatoka uani, likaenda zake kitongoji kizima. Imevutwa. Mashine yenye macho haigongi, kwa hiyo aliyeigongesha yupo. Mume wa bibi alikuwa Mgalu, yaani mtu wa Bagalu, na droni ilikuwa ya Bagika. Macho yake je, hamyaoni yalivyo mekundu? Tena alitamka mwenyewe, kwa kinywa chake! Lisemwalo lipo, walisema. Ama kweli, watu wakitaka kuamini jambo, hata onyo la mtu mwema hugeuka ushahidi.

Kutoka Kahama Esta alipelekwa hospitali kubwa Mwanza. Ikapita wiki. Siku moja mama yake Vumilia alirudi kutoka Kagongwa, akaketi kizingitini bila kuvua kitenge cha kichwani.

"Jicho halikupona," alisema. "Jingine ni zima. Lile la kushoto ndio basi tena."

Vumilia alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, lakini hakuona tena mchele wala chenga. Alitamani ardhi ipasuke. Usiku alimwona Esta ndotoni, na mchana aliogopa hata jina lake litajwe. Hata alipotumwa kwa kina Esta kuuliza hali, alikula alichopewa jikoni, akarudi bila kusema. Kila asubuhi alijiambia, leo nitasema, na kila jioni alikuta siku imepita, na kusema kumekuwa kugumu zaidi ya jana.

Kule ng'ambo ya ua wa minyaa mambo yalikuwa mabaya. Hakuna aliyempiga Bibi Paskazia. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Deusdedit, alipita nyumba kwa nyumba akionya, "Atakayemgusa bibi yule namkabidhi polisi mimi mwenyewe. Serikali haitambui uchawi." Wakamsikia. Hawakumgusa. Wakafanya lile ambalo polisi hawana kifungu chake: wakamtenga. Moto hakupewa, chumvi hakuuziwa, salamu yake haikuitikiwa.

"Kwa sasa usipeleke maji kule," mama alimwambia Vumilia bila kumtazama usoni. "Watatusema. Tungoje mambo yapoe."

Kwa hiyo asubuhi moja Vumilia alipokuwa kisimani, alimwona bibi anakuja mwenyewe, anavuta mguu, na kindoo kidogo mkononi. Wanawake waliokuwa wakichota waliinua ndoo zao, hata zilizojaa nusu, wakaondoka.

"Mwangaluka," bibi aliwaambia.

Hakujibu mtu. Vumilia alitaka kuondoka nao, lakini akabaki. Bibi alimsogelea. Midomo ilikuwa imemkauka, na kitenge chake, ambacho siku zote kilikuwa safi, kilikuwa na majivu.

"Vumilia, mjukuu wangu," alisema. "Sikuulizi kwa nini huji. Nauliza tu habari za Esta. Hakuna anayetaka kuniambia. Mtoto anaendeleaje?"

"Jicho... jicho moja limekufa, bibi."

Bibi Paskazia aliweka kindoo chini, akafanya ishara ya msalaba. Machozi yalimtoka, na mara hii hakukuwa na moshi wa kuyasingizia. "Masikini mtoto yule," alisema. "Nilimsalia rozari kila siku. Nilisema moyoni, labda."

Vumilia alimwinamia, akamjazia kindoo, kisha akakimbia. Alikimbia mpaka nyuma ya ghala la pamba, akalia mpaka akaishiwa sauti. Mtu aliyetengwa na watu wote alikuwa akimwombea Esta, na yeye aliyemuumiza alikuwa anasalimiwa na kila mtu, tena anapewa pole kwa sababu ya rafiki yake!

Siku ile ile alimfuata Edson kibandani, akamweleza yote. Edson alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka akachungulia nje, akarudisha mlango.

"Umemwambia mtu mwingine?"

"Hapana."

"Basi usimwambie." Sauti yake ilikuwa kavu. "Jicho limeshakwenda, Vumilia, kusema hakutalirudisha. Ukisema, mimi ndiye nitaonekana mzembe. Nani atanipa tena kazi ya harusi? Na baba Esta ana hasira kali. Nyamaza, yatapita."

"Na bibi je?"

Edson alichukua kitambaa akaanza kufuta kamera ambayo haikuwa na vumbi.

Hayakupita. Jumamosi iliyofuata wazee waliitisha dagashida, yaani mkutano wa kimila, chini ya miti ya uwanja ule ule wa ngoma. Kila mtu alijua kinachotafutwa, ni Bibi Paskazia kuhama. Wanaume waliketi upande mmoja na wanawake upande wa pili. Katikati palikuwa na kigoda, na juu yake bibi, mgongo umejikunja. Mzee Deusdedit alikuwapo kama mwenyekiti, na uso wake ulionyesha kwamba hakufurahia hata kidogo.

Mwigulu alisimama wa kwanza. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, lakini siku ile alionekana kama aliyeugua. "Mimi sina maneno mengi," alisema. "Mwanangu yuko Mwanza. Jana ameniuliza, baba, nikiwa mkubwa litaota jingine? Nimjibu nini, jamani?" Aliwageukia wazee. "Nataka tu anayehusika aondoke. Nisimwone kila asubuhi."

"Aondoke!" sauti zikaitikia.

"Bibi, una la kusema?" aliuliza Mzee Deusdedit.

Bibi Paskazia aliinua kichwa. "Nilisema kitaanguka kwa sababu niliona kiko chini, na watoto wako pale. Ningeona ng'ombe mkali ningesema vilevile. Sina lingine la kusema, mwenyekiti. Mimi nimeishi hapa tangu nilipoolewa. Kama mmenichoka, nitaondoka."

Kwa desturi mtoto hasemi katika dagashida. Vumilia alilijua hilo. Alikuwa amesimama nyuma ya wanawake, ameshika nguo ya mama yake kama mtoto mdogo. Aliiachia ile nguo. Akapita katikati ya wanawake, akafika pale wazi, akapiga magoti kando ya kigoda.

"Ni mimi," alisema.

"Sema kwa sauti, mtoto," Mzee Deusdedit alimwambia.

"Ni mimi! Bibi hakuvuta kitu. Kaka aliweka rimoti kwenye pikipiki, akaniambia nisiiguse. Nikaigusa. Niliirudisha nyuma nipate picha ya majembe. Sikuangalia juu, sikuona waya. Nilidhani itakwepa yenyewe. Ilipoanguka nikairudisha rimoti, nikanyamaza." Alilia, lakini aliendelea. "Baba Esta, ni mimi niliyemuumiza Esta."

Mama yake Vumilia alijishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha mtu akasimama upande wa wanaume, na mtu huyo alikuwa Edson.

"Mtoto hasemi uongo," alisema, akitazama chini. "Na kosa si lake peke yake. Aliyeniuzia ile droni aliniambia wazi. Macho yake yako mbele tu, nyuma ni kipofu. Tena kitu chembamba, waya au kamba, haikioni hata kikiwa mbele. Aliniambia nisiirushe juu ya watu. Mimi niliyaficha hayo kwa sababu yangenipunguzia sifa. Nikamfundisha mdogo wangu kwamba haigongi. Na aliponieleza ukweli, nilimwambia anyamaze."

Watu walitazamana. Wale waliopaza sauti zaidi ndio walioanza kukagua kucha zao.

Mwigulu alimkaribia Vumilia. Mama yake akataka kumkinga, lakini Mwigulu hakuinua mkono.

"Ulikuja kwangu kuuliza hali yake," alisema. "Ulikaa na mke wangu jikoni, akakupa chakula. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa, baba."

"Uliogopa," Mwigulu alirudia. Kisha aligeuka, na mtu mkubwa yule akapiga magoti mbele ya kigoda. "Mama, nimekukosea. Uchungu wa mtoto ulinipofusha. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Mwigulu," alisema bibi, akamwekea mkono begani. "Inuka. Msalimie mtoto. Mwambie bibi yake anamwombea."

Ungedhani mambo yaliishia hapo, nami natamani ningekuambia hivyo. Siku ile wanawake walimletea bibi unga, kuni, chumvi, na maji ya kujaza kila chombo. Walimwamkia mpaka akachoka kuitikia. Lakini Jumatatu gari dogo la kwenda Ushirombo lilisimama barabarani, na bibi alikuwa amefunga vitu vyake vyote katika kitenge. Huko alikuwa na binti aliyeolewa.

Vumilia alikimbia mpaka kwenye gari, akashika mkono wa bibi dirishani. "Bibi, usiondoke. Watu wameshajua. Umetusamehe!"

"Nimewasamehe wote, na wewe wa kwanza," bibi alisema. "Ila mjukuu wangu, nikipita hapa kila nyumba naikumbuka ilivyoninyamazia. Nikisalimiwa leo naikumbuka jana. Mimi ni mzee, sina miaka ya kungoja moyo upoe. Soma kwa bidii. Na ukiona jambo la hatari, sema, hata wakikucheka."

Gari likaondoka. Vumilia alibaki barabarani mpaka mama yake alipokuja kumchukua.

Walitembea pole pole. Walipofika uani kwao alimkalisha kwenye mkeka, akamwita na Edson.

"Nisikilizeni wote wawili," alisema. "Kosa la kwanza lilikuwa kuiachia mashine kazi ya macho yetu. Mashine ni msaidizi, mwenye kuirusha ndiye anayepaswa kuangalia. Anayejisifia kitu akaficha hatari yake, anawatega wenzake. Hilo ni lako, Edson. Vumilia, wewe uligusa ulichokatazwa. Lakini kosa la mkono hutokea mara moja. Kosa la kunyamaza ulilifanya kila siku upya. Ungesema siku ile ile, jicho la Esta lisingepona, ila Bibi Paskazia leo angekuwa jikoni kwake. Ukweli tumeupata, lakini umetukuta tumeshampoteza mtu." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na mimi nilikukataza kumpelekea maji, wakati moyoni sikuamini hata neno moja la wale watu. Nami nimenyamaza. Tusirudie tena katika nyumba hii."

Edson aliiuza kamera yake moja kusaidia matibabu ya Esta, na harusi yoyote aliyoitwa aliwaambia watu kwanza yale ambayo droni haiwezi kuyafanya. Wateja wengine walimkimbia. Akavumilia.

Esta alirudi shuleni muhula uliofuata. Vumilia alikuwa amekwenda kwao mara kadhaa kumwomba msamaha, na kila mara Esta aligeukia ukutani. Darasani walimpa dawati la mbele ili aone ubao. Alikaa huko peke yake siku nyingi, na wakati wa mapumziko hakutoka nje, kwa sababu watoto wengine walimkodolea macho.

Asubuhi moja mwalimu wa hesabu aliandika maswali mengi ubaoni, maandishi madogo madogo. Vumilia alimwona Esta anainamisha kichwa huku na huku, anakosa mistari, anafuta, anaandika tena. Aliinuka bila kuitwa, akaenda akaketi kando yake, upande wa kushoto, akaanza kumsomea maswali kwa sauti ya chini. Mwalimu aliona, akaacha.

Esta hakuandika. Vumilia akajua sasa atafukuzwa mbele ya darasa zima. Rafiki yake aligeuza kichwa chote, polepole, mpaka jicho lake zima likampata.

"Hamia upande huu," Esta alisema. "Huko sikuoni."

Vumilia akachukua daftari lake, akahamia.